Santuri Waliyoisafisha

Muuza santuri wa pale Sirari alifuga ukucha mrefu wa kidole cha mwisho, kazi yake kutoa vumbi kwenye sindano ya gramafoni. Santuri aliishika ukingoni, akaipuliza, akaipangusa kwa pindo la shati, na hata iwe kuukuu kama babu yake, ataiita mali mpya. Siku hiyo alimpigia mama mmoja, Wegesa, tarumbeta za Wamarekani, wimbo ule ule ambao marehemu kijana wa mama huyo alirudi nao kutoka vita ya Burma. Ile santuri ya kijana ilivunjika, ndiyo maana mama alikuja kutafuta nyingine. Akasubiri pale tarumbeta zinaponyamaza na mpigaji mmoja anaita kwa sauti, maana kijana wake alikuwa anamwitikia, "Ee!" Kwetu mtu akiita huitikiwa. Pale pakapita kimya, hakuna aliyeita.

"Yule mtu yuko wapi?"

"Wameitoa upya, mama. Wamesafisha makelele."

"Mtu ndiyo makelele? Walimuuliza nani wakimfuta?"

Jamaa akarudisha sindano, na ilipofika pale penye kimya akaita yeye mwenyewe, huku anacheka.

"Funga mdomo," Wegesa akamwambia. "Hapo pana mwenyewe."