Kibali Kisichojua Shikamoo

Kile kibali nilikiunda mimi mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Pale ofisi ya mifugo Handeni tulichoka kubeba makaratasi, nikatengeneza kibali cha kusafirisha ng'ombe kinachojitembeza: kinahama kompyuta hadi kompyuta mpaka Korogwe, kinaomba idhini chenyewe, kinamtumia mwenye mali meseji athibitishe. Kisipojibiwa, kinaamua chenyewe cha kufanya. Nilijiona fundi kweli.

Kazi yake ya kwanza ikawa ya kwangu. Baba, mfugaji wa huko nyikani, alinitolea dume la kuchinja kwenye harusi yangu, ukweni Kwashemshi, kule milimani. Kibali kikamwandikia: "Thibitisha dume ni lako. Jibu NDIYO."

Baba kimya. Nilipompigia akasema, "Kuna mtu ananiamrisha hata hajaniamkia."

"Siyo mtu, baba. Ni kibali."

"Basi hakikulelewa."

Kwa kukosa jibu, kibali kikaamua dume halina mwenyewe. Kikazunguka ofisi zote mpaka Kabuku kikitangaza ng'ombe aliyeokotwa, na watu wakajitokeza kumdai. Mmoja alidai alimlea tangu ndama. Harusi ni Jumamosi, na mama mkwe ameshaanza kuulizia nyama. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula.

Nikakifundisha adabu. Kikaandika upya: "Shikamoo mzee. Habari za nyumbani? Ng'ombe hawajambo? Tafadhali jibu NDIYO."

Baba akajibu, "Marahaba mwanangu. Huku salama, mvua tu haijaja." Kibali hakikuona neno NDIYO, kikaamkia tena. Baba akakisimulia goti linavyomuuma. Kikaamkia tena. Wakaendelea hivyo mpaka Ijumaa, na dume bado liko zizini.

Nikampigia. "Baba, andika NDIYO, gari linasubiri!"

"Nimeelewa muda mrefu," akasema. "Lakini nikiandika, si huyu kibali wako ataacha kuniamkia? Na wewe ukishaoa unahamia huko milimani."

Kwa haraka zangu za dume, hata mimi sikuwa nimemwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," akasema taratibu. "Habari za huko?"

Nikamweleza za huko zote, mpaka dereva akaja kunigongea dirisha. Ndipo baba akasema, "Haya, kata simu nimjibu mwenzako."

Dume lilifika, watu wakala wakashiba. Kile kibali sikukizima. Sasa naishi Kwashemshi, na kila asubuhi tunashindana nacho nani amuwahi baba kwa shikamoo. Mpaka leo kinanishinda.