Robo ya Mbithe

Pale Kenyatta Market kichwa kimoja husukwa na wanawake wanne kwa pamoja, kila mmoja na robo yake, mteja asichoke kitini. Katika kibanda cha Milcah, robo ya nyuma ilikuwa ya Mbithe. Kwa mapato ya robo hiyo alimlea bintiye, Wavinya, kule Mountain View, mpaka msichana akawa mtu mzima.

Siku hiyo walikuwa wamefika nusu ya kichwa cha Carolyne, karani wa Kileleshwa aliyekuwa na harusi ya kuhudhuria jioni, Milcah alipolitoa neno lililomkwaruza koo tangu alisikie kwenye ibada ya Jumapili. Alisema bila kuinua macho kwamba humo ndani kuna mtu anakula meza moja na muuaji wa malaika. Wavinya alikuwa ametolewa mimba hospitalini.

Wasusi wengine wawili wakachekea puani. Mbithe akaeleza kwamba Wavinya ana ugonjwa wa moyo, na daktari alisema mimba ingemuua.

"Daktari si Mungu," Milcah akasema. "Ulimruhusu, ama alijiamulia?"

Mbithe ndiye aliyemsihi Wavinya azae. Alifunga, akaomba, akalia. Wavinya akakataa. Mbithe angeyasema hayo tu, angenusurika.

"Aliamua yeye. Mimi nilitaka azae. Lakini moyo ni wake, si wangu. Wala si wako, Milcah."

"Kumbe kwako mtoto ndiye mkuu wa boma. Sema hapa mbele yetu alikosea, ubaki. Ukishindwa, beba stuli yako."

Mbithe akaendelea kusuka. Milcah akampiga vidoleni, akaanza kuifumua robo yake, akisema kazi ya mikono hiyo haitatoka kibandani kwake. Rasta alizosuka Mbithe zilikuwa zimekaza. Carolyne akaguna kwa uchungu, akajishika kichwa.

"Wacha, mama. Kichwa ni changu."

"Basi tokeni nacho, nyinyi wawili."

Mbithe akaweka stuli uchochoroni, juani, akamkalisha Carolyne, akazizunguka robo zote nne peke yake. Wenzake wa miaka mingi wakamwaga maji machafu karibu na miguu yake. Hakusogea.

Carolyne alichelewa harusi. Alipoondoka, Mbithe alisimama njiani kama msusi aliyefika sokoni jana, akaanza kuita wapita njia.

"Madam, kusuka?"