Msafiri Aliyeitwa Emma

Orpah alikuwa fundi cherehani mjini Migori, na mumewe Arasa alikuwa fundi wa redio. Vibanda vyao vilipakana. Mtoto wao wa pekee, Emmaculate, alikufa kwa malaria kabla hajajifunza kutembea. Hawakujaliwa mwingine. Jamaa waliuliza maswali, kisha wakaacha kuuliza, na ukimya wao ukauma zaidi.

Mwaka 1994 Arasa alirudi kutoka Nairobi, alikokwenda kutafuta vipuri, akiwa na gemu kuukuu ya kuchezea kwenye televisheni na kanda moja tu ya mchezo.

"Mzee mzima na gemu!" Orpah akamcheka.

"Kaa kwanza uone. Si ya kupigana ngumi. Hii ni ya kutembea."

Kweli, ilikuwa ya kutembea. Kijitu chenye kichwa kikubwa na miguu mifupi kilitoka kwao na fimbo, kikazunguka vijijini, na kila aliyekutana nacho alikuwa na neno la kukiambia. Hata mazimwi ya njiani yalichekesha, ya mviringo kama matone ya uji, yakitabasamu huku yakikupiga. Ukiumia, ulilala nyumba ya wageni ukaamka mzima. Vidole vyepesi havikuhitajika. Mchezo ulikungoja ufikiri. Orpah hakuwahi kugusa mashine nyingine zaidi ya cherehani, lakini aliujua kabla chai yake haijapoa.

Mwanzoni kabisa mchezo uliuliza jina la msafiri, na ulikubali herufi nne tu. Arasa aliandika Emma, bila kumtazama mkewe.

"Basi mpeleke," Orpah akasema.

Wakampeleka. Kila jioni, baada ya kufunga vibanda, Emma alitembea. Fimbo ikawa upanga, shati likawa deraya. Betri ndogo ndani ya kanda ilihifadhi mahali walipofikia, hata umeme ukipotea. Kila alipopanda daraja la nguvu ulilia wimbo mfupi wa furaha, na Orpah alitabasamu, mguu ungali kwenye pedeli ya cherehani ya nyumbani. Siku moja alimkuta Arasa ameketi tu, Emma amesimama katikati ya soko.

"Mbona hamwendi?"

"Anapumzika. Ametembea sana leo."

Ilibaki ngome ya mwisho, nao hawakumwingiza humo. Akishamaliza safari, wangemlea wapi?

Kisha Arasa akaugua kifua, akafa. Baada ya mazishi wazee waliketi kugawa vitu vyake, kama ilivyo desturi: koti kwa huyu, baiskeli kwa yule. Gemu ilimwendea mdogo wake, Bichage, aliyekuwa na chumba cha video Homa Bay. Orpah aliomba aachiwe kanda tu.

"Mjane na gemu?" mzee mmoja akauliza. "Unataka kushindana na watoto wa shule?"

Watu wakacheka, na kwa aibu Orpah akacheka pia. Angeanzaje kuwaambia kwamba binti yake yumo humo ndani?

Alipoweza kutoka nyumbani bila kusemwa, alikwenda Homa Bay. Chumba cha Bichage kilijaa vijana.

"Shemeji! Karibu, karibu. Nyinyi, mpisheni mke wa kaka akae."

"Sikai sana. Nimekuja kumwona yule msafiri wetu."

"Ah! Hata mimi kuna kitu nilitaka nikuonyeshe." Bichage aliwasha, uso wake uking'aa. Kijitu chenye fimbo kilisimama kando ya kitanda cha kwao, mwanzoni kabisa mwa safari. Juu yake paliandikwa Aras.

"Nimempa jina la kaka. Si ndivyo tunavyofanya? Mtu akienda, anayezaliwa analichukua jina. Mimi sina mtoto bado, nikasema basi na aanzie hapa. Herufi ya mwisho imekosa nafasi, utatusamehe."

Orpah aliitazama skrini. "Na Emma?"

"Nani? Aa, yule! Nilimfuta. Kanda inashika mmoja tu. Nilidhani ni mzungu fulani aliyekuja nayo."

"Na alikuwa amenona, huyo mzungu," kijana mmoja akadakia. "Mali yote hiyo!" Wenzake wakacheka.

"Alikuwa mtoto wangu, Bichage. Emmaculate. Tulimlea humo, mimi na kaka yako."

Kicheko kikakatika. Bichage alimtazama, akaitazama skrini.

"Shem, lakini... hii si ni gemu tu?" Kisha, alipoona uso wake: "Ngoja. Ngoja, tunamwandika tena sasa hivi. Emma, sivyo? Hata dakika haiishi." Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe.

"Usiguse."

"Ni rahisi, shemeji. Nafuta hili, naandika lile."

"Hilo unalotaka kulifuta ni la mume wangu."

Bichage aliondoa kidole kama aliyeungua. Kijitu kiliendelea kusimama kando ya kitanda, kikiwangoja. Hakuna kijana aliyetaka kushika pedi ya kuchezea.

"Chezeni tu," Orpah aliwaambia, akainuka, akajifunga leso vizuri, akatoka.