Bitana ya Damu ya Mzee

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sindano. Nilipewa wembe, kigoda na suruali kuukuu ya kaki, nikaambiwa nikae barazani nifumue. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa mke mgeni mtaani Maringo, Nairobi, nimetoka Magharibi na sanduku moja, na nilidhani kujifunza kushona ni kushona. Nilifumua suruali hiyo mpaka jua likaondoka barazani. Aliyenipa kazi alikuja, akainua mguu mmoja wa suruali, akaunusa kama anayenunua samaki, akasema nirudi kesho.

Huyo alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, mama kutoka Nyeri ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Fundi. Alikuwa na cherehani ya mkono, ile ya kuzungusha mpini kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiongoza kitambaa, na alikuwa na sheria zake. Ya kwanza ni kwamba nguo kuukuu haikatwi kabla ya kufumuliwa. Alishona nguo za watoto, mapazia na matandiko kutokana na nguo za mitumba za soko la Gikomba, mabaki ya viwanda vya sare, na mifuko ya unga wa ngano ambayo siku hizo ilikuwa ya kitambaa cha pamba. Vyote vilipita kwanza kwenye wembe wa mwanafunzi.

Nitawaeleza kufumua, maana vijana wa leo hukimbilia mkasi. Unaingiza pembe ya wembe chini ya mshono, unakata uzi mmoja, unaruka tatu, unakata tena. Kisha unageuza kitambaa na kuuvuta uzi wa upande wa pili, nao unatoka mzima. Uzi huo hautupwi. Unazungushiwa kijiti, na utatumika kupigia bandi, yaani ile mishono mirefu ya muda inayoshikanisha vitambaa mpaka mashine ipite. Vifungo vinaingia kwenye kopo la kakao, zipu zinaning'inizwa msumarini. Mwisho nguo imelala mbele yako vipandevipande kama ilivyokuwa kwa fundi wa kwanza, na haijapoteza hata upana wa kidole.

"Mama Fundi, mimi nitashona lini?" nilimuuliza siku moja, binti yangu Kageha akiwa mgongoni, nikipiga chafya kwa vumbi la makoti ya watu.

"Ulishaanza. Huoni?"

"Naona vumbi."

"Basi fumua hilo vumbi." Alizungusha mpini wake kidogo, kisha akasimama. "Sikiza, Mama Kageha. Hii nguo ilishonwa na mtu. Ukitaka kumjua, rudi na njia ile ile alikuja nayo. Mkasi haujui njia. Ukikata ni maji yamemwagika, na hayazoleki."

Nilimwona mama mgumu, na sitamsingizia upole leo kwa sababu amekufa. Nikikumbuka miaka hiyo kinachotangulia ni mgongo, halafu macho, halafu yeye. Nilifumua nikiwa na mimba ya Kageha, nikafumua nikiwa na mimba ya mdogo wake. Siku aliponiruhusu kuushika mpini wa cherehani sikufurahi kama nilivyodhani nitafurahi. Nilikuwa nimechoka tu, nikakaa, nikashona.

Alipoona naweza kushona mstari ulionyooka, alinipeleka kwa Madam. Madam alikuwa msimamizi wa masomo ya akina mama katika ukumbi wa mtaa, mwanamke mrefu aliyetundika miwani shingoni na kutembea katikati ya meza kama mkaguzi wa shule. Yeye ndiye aliyenifundisha mfarishi, lile tandiko la viraka ambalo wengi wetu tuliliita tu blanketi ya viraka. Mfarishi una matabaka matatu. Juu ni viraka vilivyounganishwa, katikati ni blanketi iliyochakaa au sweta zilizofumuliwa, na chini ni mifuko ya unga iliyopakwa mafuta ya taa na kufuliwa mpaka maandishi yafifie. Matabaka hayo hushikwa pamoja kwa mishono midogo ya mkono inayotoboa yote matatu, na hapo usipovaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kidole, sindano itaingia kwenye nyama.

Madam hakujali viraka vimetoka wapi. Alijali pembe.

"Mama Kageha, hizi pembe zako zimegombana?" aliniuliza mbele ya darasa zima. "Mbona hazisalimiani?"

Wanawake walicheka, nami nikacheka kwa uchungu. Nilifumua safu nzima. Alikuwa na haki, maana pembe zisipokutana mfarishi huvutika upande mmoja na kulala kombo kitandani, lakini siku hiyo nilimchukia. Nilibeba furushi langu mpaka nyumbani nikiwa nimenuna, na Baba Kageha akaniuliza ni nani amenipiga.

Baba Kageha, mume wangu, alifanya kazi kiwanda cha sabuni kule Industrial Area. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa na koti moja zito la sufu ya kijivu alilonunua Gikomba, na ndani lilikuwa na bitana ya hariri ya bandia, rangi ya damu ya mzee. Bitana, kwa wasiojua, ni kile kitambaa laini cha ndani kinachofanya koti liteleze mwilini. Alilivaa alfajiri akienda zamu, akalivaa jioni akirudi, na watoto walizoea kuingia ndani yake wote wawili, mmoja kila upande, kabla hajalivua. Ndani mle kulinuka sabuni. Kageha alikuwa akisema baba ana nyumba yake ndogo.

Alikufa kwa kichomi, miaka ya sabini ikielekea mwisho. Tulimzika kwao, nikarudi Maringo na watoto kungoja siku ya kugawa nguo. Kwetu nguo za marehemu zina utaratibu. Zinakaa sandukuni mpaka wazee waitishe kikao, ndipo kila moja ipewe mtu wake. Koti lingeenda kwa ndugu wa kufuata, mulamwa wangu, yaani shemeji. Watoto wadogo hawapewi koti la mtu mzima. Na kuikata nguo ya marehemu kabla ya kikao ni sawa na kumkata yeye mwenyewe.

Mimi sikutaka koti. Niliwatakia wanangu kitu cha kujifunika ambacho kilimgusa baba yao, kwa sababu mdogo alikuwa ameanza kumsahau. Aliniuliza baba alinuka nini, nami nikaona kwamba mwaka ukipita hata hilo swali hatalijua. Liliniuma kuliko mazishi yenyewe.

Mama mkwe alishuka Nairobi kunichukua, mimi na sanduku. Basi letu lilikuwa la kesho yake asubuhi. Nilimwendea Mama Fundi na koti mkononi nikilia.

"Kata," alisema. "Kata leo. Ukifika huko sema liliibiwa kwa kamba. Hii Maringo nguo zinaibiwa kila siku."

"Siwezi kumdanganyia marehemu, Mama Fundi."

"Kwetu hakuna hayo maneno ya nguo."

"Kwetu yako."

Alilichukua koti, akaligeuza ndani nje kama alivyozoea na kila koti, akapitisha kidole kwenye mshono wa pindo. Kisha akafungua kabati yake, akatoa mifuko miwili ya unga iliyokuwa imefuliwa, akaniwekea juu ya koti. Nilimwelewa. Miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa kutenganisha nguo bila kuikata.

Nilikaa kwenye kitanda changu nikaanza na pindo la chini. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti akichambua kunde. Sikutaka kufanya kwa kificho, kwa hiyo nilikuwa nimekaa mbele yake, mlango ukiwa wazi na mwanga wote ukiingia. Nilijikata na wembe, jambo ambalo halikuwa limenitokea tangu nikiwa mwanafunzi. Nilimwona akiinua macho, akayashusha, akaendelea na kunde zake.

"Mama," nilisema, "sikati. Nafumua tu."

"Nilikuuliza?"

"Bitana imechakaa kwapani. Naibadilisha."

Bitana haikuwa imechakaa popote, na yeye aliiona vizuri. Alichambua kunde mpaka sahani ikajaa. Kisha akasema polepole, bila kunitazama, "Mwanangu, wazee watauliza koti. Mimi nitawaambia koti liko, lina mikono yake miwili na vifungo vyake vyote. Hakuna mzee anauliza koti limekula nini."

Nililia, na wembe nikauweka chini ili nisiharibu. Yeye alichukua kipande cha kwanza cha bitana nilichokuwa nimekitoa, cha upande wa kushoto, akakishika kidogo usoni. Alikuwa amemzaa. Halafu akanirudishia, akaenda kubandika kunde.

Vipande vya bitana nilivyovitoa ndivyo vilivyokuwa kielelezo. Nilivilaza juu ya mifuko ya unga nikichunga uzi wa mlalo usipinde, nikachora kwa chaki, nikakata, nikapiga bandi, nikashona. Maandishi ya mfuko mmoja hayakuwa yamefifia vizuri. Ilibaki picha ya suke la ngano, ya buluu hafifu, nami sikuwa na wakati wa kufua tena, nikaiweka mgongoni ambako mtu hatazami. Koti lilikwenda nyumbani likiwa zima, na mulamwa akapewa mbele ya ukoo. Alilivaa hapo hapo. Nilimwona akichezesha mabega kidogo, maana pamba ya mfuko wa unga haitelezi kama hariri.

Mfarishi wa watoto niliutengeneza niliporudi Maringo. Katikati niliweka vile viraka vya damu ya mzee, tisa, na pembeni nikazungusha chochote nilichokuwa nacho. Pembe zilisalimiana zote. Madam aliuona ukumbini, akavaa miwani, akautazama sana, akavua miwani, akaenda meza nyingine. Harufu ya sabuni ilikaa kwa muda, kisha ikaondoka kama harufu zote, lakini wanangu walikua wakijua katikati ni baba. Waligombania katikati, nami nikawaacha wagombane.

Baada ya hapo ni kazi tu, na sitawachosha nayo. Mama Fundi alipohama aliniachia cherehani, nikawa nafumua, nashona, nafundisha wake wa watu barazani pale pale, mwaka juu ya mwaka. Wao pia walininung'unikia. Mifuko ya unga ikaanza kuwa ya karatasi. Macho yakaanza kunidai taa saa za mchana.

Miaka ya themanini ilipokuwa inakwisha, mulamwa alikuja Maringo na koti kwenye mfuko. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe. Alikunywa chai, akasalimia Kageha ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, kisha akalifungua koti mbele yangu. Sufu ilikuwa nzima. Bitana yangu ya mfuko wa unga ilikuwa imeliwa mpaka inaonyesha mwanga, na suke la ngano bado lipo.

"Mulamwa," alisema, "umenivalisha unga miaka hii yote."

Nilishikwa na aibu nikatazama chini. Yeye akacheka kile kicheko cha watu wa kwao, cha puani.

"Hata jua likiwaka nilikuwa nafunga vifungo, watu wasione ngano. Mama aliniambia kabla hajafa ile ya kwanza ilienda wapi. Sikukasirika. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo." Alikunja koti, akalikunjua tena. "Lakini mimi pia alikuwa ndugu yangu. Hii sufu ya nje iliguswa na baridi na vumbi tu. Kilichomgusa kiko kwenu. Kama kuna hata kipande cha kutosha mfuko wa ndani, mulamwa, nipe."

Mfarishi haukuwa wangu, ulikuwa wa watoto, na ningejuaje kumkata mtu aliye katikati? Kageha alikuwa amesimama mlangoni akisikia. Aliingia chumbani, akarudi na mfarishi mabegani, akautandaza juu ya magoti yangu. Kisha akaenda kwenye kopo la kakao, akaniletea wembe.

Nilifumua kiraka kimoja, cha pembeni mwa vile tisa. Nilikuwa nimeweka mishono midogo mno, ya hasira na ya mapenzi, na iliniweka hapo muda mrefu huku mgongo ukiniuma. Nilimshonea mulamwa mfuko wa ndani, upande wa kushoto. Alitia mkono mle, hakuutoa upesi. Na pale palipobaki tundu kwenye mfarishi nilikata kipande cha ile bitana yake iliyochoka, palipo na suke la ngano, nikakiweka. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho niliyoifanya kwa macho yangu mwenyewe. Zilizofuata nilikuwa nikitungiwa uzi.

Sasa nakaa kwa Kageha, mtaa wa Pipeline, ghorofa ambako jua huonekana kwa jirani tu. Cherehani imefunikwa kona ile. Nimechoka, na sioni haya kusema, kwa maana nimechoka kwa kazi. Juzi mjukuu wangu, mtoto wa Kageha, alikuwa ananitandikia, akasimama katikati ya kitanda na mfarishi mikononi.

"Kukhu, si Mathe akununulie tu duvet? Hii imezeeka mbaya."

"Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Nini?"

"Tandika."

Akatandika. Kisha akaweka kidole kwenye kale kakitambaa keupe kenye suke la ngano kati ya vyekundu vinane. "Na hapa je? Kitambaa kiliisha?"

"Hakikuisha," nilimwambia. "Huyo ni babu yako mdogo. Alikuja kulala na ndugu yake."