Siku Niliyoiezua Harusi ya Tudor

Aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia kwa watu, maana kila anayeisimulia huongeza turubai moja. Mimi ni rubani wa helikopta jeshini, mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale, na nimeruka kwenye mvua, kwenye vumbi la kaskazini na juu ya bahari iliyochafuka bila kuharibu hata ua. Kisha nikaja kwetu.

Shule moja ya Tudor, mtaa usio mbali na kwetu, iliomba watoto waonyeshwe helikopta, na mkuu wetu akanituma mimi kwa kuwa ni mwenyeji. Askari waliotangulia walikuwa wametia alama ya chokaa mwisho wa uwanja, upande wa maji, mbali na nyumba za watu. Lakini tulipokuwa juu nikamwona mama yangu, amekaa kwenye kiti karibu na geti pamoja na mashoga zake, mguu wenye goti bovu ameunyoosha, nami nikajiuliza, kweli mama wa rubani aukate uwanja mzima kwenye jua lile? Nikamwambia Mutua, rubani mwenzangu, kwamba tutashuka karibu na geti. Mutua ni mtu wa Machakos asiyependa maneno mengi.

"Afande," akasema, "nyuma ya ukuta ule sioni kuna nini."

Nikamjibu kwamba mimi ndiye mwenyeji.

Nyuma ya ukuta kulikuwa na harusi.

Upepo wa helikopta hauombi ruhusa. Turubai ilinyanyuka kwanza upande mmoja, halafu yote, ikaenda kuning'inia kwenye mwarobaini wa jirani, nyuma yake zikafuata kanga, sahani za plastiki na maua ya kupambia, na (hili ndilo linaloniuma mpaka leo) mchanga wa uwanja ukaingia kwenye masufuria ya pilau yaliyokuwa ndiyo kwanza yamefunuliwa. Watoto wa shule wakapiga makofi, wakidhani ndiyo maonyesho yenyewe.

Mapanga ya helikopta yalipotulia, akaja mama mmoja mnene, mwiko mkononi, mchanga kwenye nyusi, akiukata uwanja taratibu. Alikuwa Bi Zuhura, mamake bibi harusi. Nikamwamkia, akaitikia (adabu kwanza), akauliza dereva wa kitu hiki ni nani. Nikasema ni mimi.

"Wewe ni mwana wa nani?"

Nikageuka kumtazama mama. Mama, aliyekuwa ameita nusu ya Mji wa Kale waje wamwone mwanawe, alikuwa anaangalia mawingu.

Nikampigia mkuu simu, nikijua naweza kunyang'anywa ruhusa ya kuruka. Akauliza kama kuna aliyeumia; hakuna. Akasema yangu na yeye tutayazungumza kambini, ila helikopta haiondoki hapo mpaka wageni wa watu wale wawe wamekula.

Basi nikamenya vitunguu vya pilau mpya na ovaroli yangu ya urubani, wapishi wakinicheka, Mutua na askari wakaifunga turubai upya kwa mafundo ya kijeshi ambayo nasikia yalimtesa mwenye turubai siku ya kuyafungua, na mama, alipoona Bi Zuhura ameanza kutabasamu, ghafla akakumbuka kuwa mimi ni mwanawe, akaja kuonja chumvi. Bibi harusi naye, aliposikia rubani ni mwanamke wa Kibokoni, akatoka na hina zake akataka apigwe picha kwenye kiti changu.

Bi Zuhura akanifunga kanga juu ya ovaroli. "Mwanangu, harusi za Tudor ni nyingi," akasema. "Hii ndiyo itakayotajwa."

Kambini nilisemwa, nikastahili, na kwa muda sikuruka. Nikaapa kwamba nitashuka penye alama tu, na tangu hapo Mutua akisema haoni, na mimi sioni.

Lakini Tudor hawajasahau. Mpaka leo anayeoza bintiye kule humpigia mama simu kabla ya kuweka siku, kuuliza kama nitakuwa kazini, na mama, kwa fahari kubwa, humwambia atanizuia.