Thumni Iliyozidi Uzito

Siku ya kuanua tanga la mume wangu, kaka yake mkubwa alisimama kama ilivyo desturi, akauliza kama kuna mtu mwenye neno na marehemu. Mchimbaji mmoja wa Rwamgasa, mtu mrefu ambaye nilimfahamu kwa sura tu, akanyanyuka mkekani.

"Mimi simdai marehemu kitu," akasema. "Nasema tu kwamba mizani yake ilikuwa inakula dhahabu yangu."

"Mizani ina meno?" shemeji akamuuliza. Watu wakacheka, hata msibani.

"Haina meno. Ina thumni."

Hapo hakucheka mtu.

Mume wangu alikuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, kwa siri, maana miaka ile ya mwisho wa sabini mtu binafsi hakuruhusiwa. Mizani yake ya vikombe viwili tuliificha ndani ya pipa la unga wa muhogo. Mawe ya kupimia hayakupatikana, kwa hiyo wanunuzi walitumia sarafu: kikombe kimoja thumni, ile senti hamsini yenye picha ya sungura, kikombe cha pili dhahabu, mpaka vilingane, na bei ikahesabiwa kwa thumni. Kila mnunuzi alikuwa na thumni yake. Mume wangu hakuruhusu yake iguswe. Mara moja niliichukua bila kujua nikanunulia kibiriti, naye akakimbia dukani bila viatu akaikomboa kwa shilingi nzima. Nilijiambia wanaume wana mambo yao. Sikuuliza.

Siku ya tatu baada ya tanga, shemeji alikuja peke yake.

"Shemeji, nipatie ile thumni ya marehemu. Ukumbusho tu."

"Na mizani?"

"Mizani kaa nayo."

Mtu anayetaka ukumbusho wa ndugu yake huchukua koti, au baiskeli. Nilimtazama naye akatazama kuku. Nikamwambia sijui ilipo. Nilisema uongo, ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga yangu wakati huohuo.

Alipoondoka nilifunga mlango, nikaitoa mizani kwenye unga. Thumni ya mume wangu upande huu, thumni yangu ya kuuzia karanga upande ule. Ya kwake ikashuka. Nikajaribu nyingine, na nyingine, nne kwa jumla. Ya kwake ilishuka kila mara.

Lakini bado nilikuwa na tumaini. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na maishani mwangu sikuwahi kuona vitu viwili vilivyotengenezwa vikalingana. Hata maandazi ya donge moja hayalingani. Kwetu watu walisema zipo sarafu nzito na zipo nyepesi, ni bahati ya mtu. Huenda mume wangu alipata nzito, basi, bila kosa.

Jumatatu nikapanda basi kwenda misheni, upande wa Ushirombo. Pale palikuwa na Bruda mzee, Mzungu, fundi wa magari ya misheni. Watu walisema kabla ya kuweka nadhiri alifanya kazi katika kiwanda cha kupiga sarafu huko kwao. Nilimkuta chini ya lori.

"Bruda, shikamoo. Nimekuja kuuliza kama sarafu zinapishana uzito."

Akatoka, mikono myeusi kwa oili. "Marahaba. Nani anauliza, wewe au polisi?"

"Mimi."

Akakaa juu ya tairi akanieleza polepole, kama mtu anayesimulia nyumbani kwao. Shaba na nikeli huyeyushwa pamoja, zikamwagwa kuwa bamba nene. Bamba hupitishwa kati ya magurudumu ya chuma, tena na tena, mpaka liwe jembamba sawasawa kila mahali. "Hapo ndipo uzito unapopatikana," akasema. "Bamba likikosea unene, linarudi motoni lote." Kisha mashine hukata viduara, kama akina mama wanavyokata chapati kwa kikombe. Viduara huchomwa vilainike, vikaoshwa kwa dawa kali, vikakaushwa, vikabanwa pembeni vipate ukingo. Mwisho huingia kwenye pete yenye meno, kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja juu na mmoja chini. Pigo moja tu. Picha ya mbele, picha ya nyuma na yale meno ya pembeni huzaliwa pamoja.

"Halafu zinapimwa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuzitazama zikipita na kutoa zilizoharibika. Macho yangu yaliishia pale."

"Kwa hiyo hazipishani?"

"Zinapishana kidogo sana, mizani ya sokoni haioni. Na iliyotumika sana huwa nyepesi, mama. Haiwi nzito."

Ya mume wangu ilikuwa imetumika sana. Nikafungua pindo nikampa. Akaingia nayo ndani, nami nikamfuata hapohapo, maana siku zile sikumwamini hata mtu wa Mungu. Akaiweka chini ya kioo cha kukuzia.

"Tazama meno. Unaona mstari, kama unywele, umezunguka? Pigo moja haliachi mstari. Hii imekatwa, ikachimbwa katikati, ikajazwa risasi, labda ya betri ya gari, ikaunganishwa tena. Fundi wake ni mzuri." Akanitazama. "Ni ya nani?"

"Ya mume wangu. Amekufa."

Akaifuta, akanirudishia.

Wiki hiyo nilikwenda Rwamgasa na mizani kwenye kikapu. Nilimkuta yule mrefu akitwanga mawe. Nikaweka thumni mbili kwenye vikombe mbele yake, ya mume wangu na yangu ya karanga. Ya mume wangu ikashuka.

"Na hiyo nyingine nani amesema ni nzima?" akauliza. Akatoa ya kwake mfukoni, akapima na yangu. Zikalingana. Akapima na ya mume wangu.

Akakaa chini.

"Mayu, mama, mke wangu alikuwa akipima dhahabu kwa mizani ya jirani kabla sijaipeleka kuuza. Nikirudi, pesa hailingani na kipimo chake. Alisema nakunywa pombe njiani. Niliapa kwa watoto, hakuniamini, akarudi kwao Chato." Akacheka bila furaha. "Sasa nimepata shahidi, na shahidi mwenyewe ni mke wa mwizi."

Neno lile lilinichoma. Nikarudisha mizani kikapuni.

"Twende Chato," nikamwambia.

Tulimkuta mke wake ziwani, akianika dagaa. Nilipima mbele yake, nikamweleza aliyoniambia Bruda. Alisikiliza akiwa ameshika ndoo. Mume wake alisimama mbali kama mtu aliyeletwa barazani.

"Na wewe ulikuwa hujui?" akaniuliza.

"Sikujua," nikasema. "Ila nilikula."

Kisha akamgeukia mume wake, akampa ile ndoo.

"Shika hapo. Nimalize kwanza kuanika."