Woldu Anaipumzisha Miti ya Ubani

Saa tatu asubuhi jua la Machi linachoma mawe ya Abergele, kaskazini mwa Ethiopia. Woldu Asgedom, mchanja ubani wa miaka hamsini na mbili, anayekata magome ya miti ili utomvu wake utoke, amechuchumaa chini ya mti usio na jani hata moja. Kisu kiko kiunoni. Leo hakichomoi.

Mvua ya mwisho ilinyesha Septemba. Hata hivyo mti umechanua, na umeshashika matunda madogo.

"Unakula akiba," anasema. "Wakati wa mvua, majani yalitengeneza sukari, mti ukaificha kwenye shina na mizizi. Sasa ndiyo unayoishi nayo. Ukiuchanja sana, hiyohiyo inatumika kuziba vidonda."

Alijifunza kwa hasara. Kwa miaka kumi aliichanja miti yake mia tatu, kila mmoja sehemu kumi na mbili badala ya sita, na kila wiki tatu akarudi kupanua vidonda. Mwanzoni ubani ulimwagika.

"Nikajiona mjanja kweli!" anacheka. "Kumbe naumaliza mti."

Miti arobaini na mmoja ikakauka.

Misimu miwili iliyopita aliacha kuchanja nusu ya mteremko. Lakini kwa kanuni ya chama chao cha wachanja ubani, eneo lisilo na vidonda vibichi kwa misimu miwili huhesabiwa limetelekezwa, na hupewa mchanjaji mwingine. Leo msimamizi wa chama, Kahsay, amekuja kukagua.

"Mzee Woldu, ubani umekushinda, sasa unafuga maua?"

"Sogea huku, mwanangu. Mbona umesimama mbali kama mkwe?"

Woldu anapasua matunda ya mti aliopumzisha, anatia mbegu kwenye kikombe cha maji. Nyingi zinazama. Anatia za mti unaochanjwa. Karibu zote zinaelea.

Kahsay anaziminya zilizoelea. Maganda matupu.

"Hizi haziwezi kuota?"

"Zioteje, na mama yao ana njaa?"

Kahsay anafungua daftari lake. Mwishowe anaandika "inapumzika", neno ambalo kanuni haina.

"Mkutano wa mwezi ujao ndio utaamua, mzee. Wakikataa, mimi sina la kufanya."

Woldu anajipangusa vumbi magotini.

"Wakikubali, mwakani napumzisha nusu iliyobaki," anasema. "Wakikataa, huyo watakayempa nitamleta hapa mwenyewe, nimwonyeshe pa kuchanja. Sehemu sita. Asizidishe."